Kikombe cha Shahidi

Mama Povu alipoachwa na mumewe, mume aliondoka na redio, godoro na kuku wote, akasahau ndama. Majirani walisema hakusahau, ila ndama mwenyewe alikuwa amekonda kiasi kwamba kutembea naye barabarani kungemtia mtu aibu. Basi ndama yule ndiye aliyekuja kuwa Bi Harusi, ng'ombe aliyeunywesha mtaa mzima maziwa. Mume yule, popote alipo, na aendelee kusikiliza redio.

Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa wa usafi, na sisemi kwa kumsifu. Kabla ya kukamua aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote hapa duniani. Zizi lake lilifagiliwa mara nyingi kuliko vyumba vya watu wengine. Alipompimia mteja, aliinua kata juu ya kichwa chake na kuyaacha maziwa yaanguke kutoka huko, yakafika ndooni yakiwa na povu lililosimama kama mto wa kulalia. Hapo ndipo alipolipata jina. "Maziwa yasiyo na povu," alipenda kusema, "ni maji yaliyojifunga shuka nyeupe." Na akisema hivyo alikuwa akitazama upande wa pili wa barabara, kwa Dereva.

Dereva alikuwa mzee aliyestaafu kuendesha malori, akanunua ng'ombe kwa kukosa kazi ya kufanya. Ng'ombe wake walisimama kwenye kinyesi mpaka magotini, naye alikamua huku sigara ikining'inia mdomoni. Mama Povu alimdharau kwa moyo wake wote, na dharau hiyo ilimpa nguvu ya kuamka asubuhi. Wapo watu wa namna hiyo. Mwondolee adui yake na hatakuwa na sababu ya kufagia.

Sasa kuna jambo moja la mtaa ule ambalo ni lazima ulijue, maana mengine yote yametoka hapo. Kila nyumba ilinunua mahindi kwa gunia, na kabla ya kuyapeleka mashineni wanawake walikaa barazani na nyungo mapajani, wakichambua. Punje nyeupe zilikwenda kuwa unga wa watoto. Punje zilizogeuka rangi, za kijani, za kijivu, zile zenye vumbi la kuvu linalopanda puani, zilitupwa kwenye kopo la pembeni. Walichambua kwa makini kweli, punje kwa punje, maana hakuna mama anayetaka mwanawe ale kuvu. Lakini kutupa chakula ni dhambi, hilo kila mtu alilelewa nalo. Kwa hiyo kopo likijaa lilipelekwa kwa Mama Povu, akamiminiwa Bi Harusi, na aliyeleta alirudi nyumbani na kata moja ya maziwa ya asante.

Ona ulivyokuwa mpango mzuri. Ng'ombe anashiba, mtoto anapata maziwa, na hakuna kilichopotea. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke fundi cherehani mwenye sauti kuliko mashine yake, ndiye aliyeuanzisha, na alijivunia kama aliyegundua moto. Mama Povu naye, kwa ule ugonjwa wake, hakuwa mtu wa kummiminia ng'ombe mahindi hivi hivi. Aliyaosha kwanza, akayaanika, ndipo akayasaga. Hata kuvu aliiosha.

Binti yake, mrefu aliyeinama kupita kila mlango kama baba yake, alimzalia mjukuu, akamwachia alipomwachisha ziwa, kisha akaenda mji wa mbali kufua mashuka ya hoteli. Alipiga simu kila Jumapili. Bibi alimpenda yule mjukuu kupita kiasi, na usije ukafika mwisho wa habari hii ukasema hakumpenda. Alilala naye kitanda kimoja, akimkumbatia. Alimpunguzia nyama yake mwenyewe. Na tangu siku alipofika, kikombe cha kwanza cha maziwa ya asubuhi kilikuwa cha mtoto, kabla ya mteja yeyote.

Kisha ikaja ile habari.

Ilitangazwa kwamba maziwa ya mjini yamekutwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu ya nafaka, na kwamba imeanzia kwenye chakula cha mifugo. Kiwanda fulani kilikuwa kikinunua mahindi yaliyooza, kinayasaga, kinayatia kwenye magunia mazuri yenye picha ya ng'ombe anayecheka. Watu waliingiwa na hofu. Maziwa yalimwagwa mitaroni, na paka wenyewe waliyanusa kwa mashaka. Watoto wakapewa soda badala ya maziwa, na wazazi wakaona wamewaokoa.

Mama Povu alipeleka ndoo mlangoni, akakaa nayo, akairudisha imejaa. Akakaa tena kesho yake. Wateja walipita upande wa pili wakijifanya wanatazama simu. "Mimi sinunui chakula cha kiwandani!" aliwapigia kelele. "Bi Harusi anakula mahindi yenu wenyewe, kutoka mikononi mwenu!" Walijua ni kweli, na bado walipita. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo alivyofundishwa, na sasa chake kilikuwa kinaoza mlangoni.

Hapo akili ikamjia. Alileta kigoda, akakiweka kizingitini, akampandisha mjukuu juu yake na gauni la manjano na kikombe cha bati. Akangoja watu wa kwenda kazini wawe wengi barabarani. Akainua kata juu kabisa, akamimina.

"Hii ni damu yangu," alisema, mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Nani anaweza kuinywesha sumu damu yake? Kunywa, mama."

Mtoto akanywa mpaka mwisho. Watu wakasimama. Dakika ile ile mmoja akasogeza chupa yake, wa pili akafuata, na kabla jua halijapanda ndoo ilikuwa tupu. Fundi cherehani alipiga vigelegele. "Huyu sasa ndiye shahidi wetu!" akasema, na jina likakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mtoto kwa jina lingine. Watu waliamka, wakapiga mswaki, wakaja na vyombo vyao wakiuliza, "Shahidi ameshakunywa?"

Mtoto alifundishwa kazi yake vizuri. Anywe. Akigeuze kikombe juu chini ili ionekane hakuna kilichobaki. Alambe mdomo. Aseme, "Tamu!" Watu walicheka wakapiga makofi, naye alipenda makofi, maana ni nani asiyeyapenda? Wapo waliochelewa na kudai kuona kwa macho yao, hasa wale wenye watoto wachanga, kwa hiyo akanywa tena. Wengine walikuja wakati wa mchana, wakaonyeshwa tena. Mtoto wa watu alikunywa kwa niaba ya mtaa mzima.

Siku ambazo hakutaka, bibi alikuwa na dawa yake: kidole gumba na cha shahada, kwa siri, kwenye paja, chini ya gauni. Finyo dogo tu. Mtoto alijifunza haraka. Asubuhi moja alitapika yote kizingitini, mbele ya mteja mwenye chupa mbili. Bibi alicheka, akasema, "Amekula maembe jana, mlafi huyu." Akambeba nyuma ya nyumba, akamfuta uso kwa upole, akambusu, akarudi naye na nusu kikombe.

"Bibi, tumbo."

"Najua. Kunywa, watu wanatazama."

Gauni la manjano lilishonwa na fundi cherehani mtoto alipotimiza miaka mitatu. Sasa alikuwa ameingia wa sita, na gauni lilimtosha vile vile, urefu hata mabegani. "Kitambaa kizuri hiki," Mama Povu alisema. "Hakipungui." Fundi alicheka. "Kitambaa hakipungui, na shahidi haongezeki!" Wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jumapili binti alipopiga simu kuuliza kama mtoto anakua, bibi alijibu, "Anakua kwa akili. Urefu wa nini? Wewe na urefu wako umeishia kufua mashuka." Binti akacheka naye, kwa sababu yuko mbali na hana la kufanya.

Baada ya zile kelele za mjini, serikali ikakaza sheria. Mkaguzi alitumwa kuzieleza, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na sauti ndogo, akaita mkutano kwenye uwanja wa shule. Akasema chakula cha mifugo sasa kitapimwa kiwandani, na kila gunia litakuwa na lebo ya kuthibitisha. Maziwa yatapimwa kabla ya kuuzwa. Na mahindi yenye kuvu ni marufuku kumpa mnyama yeyote, awe kuku, awe ng'ombe. "Tunataka watu warudi kuyaamini maziwa yao," alisema. "Imani haiji kwa maneno."

Mama Povu aliinua mkono. "Mwanangu, ng'ombe ana matumbo manne. Hiyo sumu si itapotelea njiani?"

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mkaguzi alingoja. "Haipotei, mama. Inapita kwenye damu yake na kutokea kwenye maziwa. Na kuchemsha hakuiondoi."

Lakini nani alimsikia? Fundi cherehani alikuwa amekwisha kusimama. "Na hayo mabovu tuyapeleke wapi sasa?"

"Yazikeni."

"Tukae na matanga kabisa?"

Basi tena. Mkutano uliishia hapo, watu wakarudi makwao wakiulizana ni mahindi ya nani yamefariki. Jioni ile makopo yalipelekwa kwa Mama Povu kama kawaida, na kila mmoja akarudi na kata yake ya asante. Mimi huwa nasikia watu wakisema wananchi hawakuelimishwa. Walielimishwa. Walikuwa wanacheka.

Aliyetii alikuwa Dereva, na hakutii kwa uchaji. Alikuwa mvivu. Magunia ya lebo yaliletwa na gari mpaka mlangoni, na yeye alichoka kutafuta pumba. Akawa ananunua gunia, anamimina, anawasha sigara. Mama Povu aliyaona yale magunia na roho yake ikaruka kwa furaha. Chakula cha kiwandani! Kile kile kilichowatia watu sumu! Alikwenda ofisini kwa mkaguzi kwa miguu, amevaa viatu vya ibada.

"Njoo upime maziwa mtaani kwetu," alisema. "Mbele ya watu wote. Yangu na ya yule mchafu. Si unataka watu waamini? Waone kwa macho."

Mkaguzi alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mfugaji kumwita, wengine humfungulia mbwa. Akamshukuru Mama Povu kwa mikono miwili.

Siku ya kupima, mtaa ulijaa kama kuna harusi. Mama Povu alikuwa amepaka ukuta wa zizi chokaa. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe mbele ya mlango wake, ndoo yake imefunikwa kitambaa kingine cheupe. Shahidi alivalishwa gauni la manjano akaambiwa akae ndani asijichafue, ataitwa wakati wake ukifika. Alipokuwa akipanga vifaa vyake, mkaguzi alimwona mtoto akichungulia mlangoni.

"Huyu ana miaka mitatu?"

"Ameingia wa sita. Kwetu wafupi."

Mkaguzi alitazama picha ya binti iliyotundikwa ukutani, mrefu kama nguzo kati ya wenzake wa hoteli. Akarudi kwenye vifaa vyake.

Dereva alivuka barabara na dumu lake lenye alama za vidole. Watu walimzomea. Mkaguzi alichota maziwa yake kidogo, akatumbukiza kijikaratasi chembamba, wakangoja. Mistari miwili ikajitokeza. Kisha akachota ya Mama Povu, akatumbukiza kingine. Kikatoka mstari mmoja.

"Mmoja!" Mama Povu alipiga kofi. "Mmeona? Yake yana uchafu mistari miwili, yangu mmoja tu! Na huo mmoja ni vumbi la barabarani!"

Makofi yakalipuka. Fundi cherehani alipiga vigelegele, mtu akamrushia Dereva ganda la ndizi. Mkaguzi alichukua kijikaratasi kingine, akapima maziwa ya Mama Povu upya. Mstari mmoja. Akasogea karibu na mwanamke huyo na kusema kwa sauti yake ndogo, akitaka asikie peke yake.

"Mama. Mistari miwili ndiyo salama. Mmoja maana yake sumu imezidi kipimo."

"Sema tena?"

Akasema tena. Sasa walisikia wa mbele, wakawaambia wa nyuma, na makofi yakafa kutoka mbele kwenda nyuma. Sauti iliyobaki ilikuwa ya Dereva. Alicheka mpaka akakohoa, akamtemea Mama Povu mate miguuni, na ninasema alistahili kucheka, ingawa roho yangu haitaki.

Mkaguzi hakuwa mtu mkatili. Alieleza taratibu kwamba ng'ombe haugui, kwamba akibadilishiwa chakula maziwa yatasafika, na yakipimwa upya yakawa salama, biashara itarudi. Kwa leo, yatamwagwa. "Ila nataka kujua anakula nini," alisema. Akaingia zizini, akatoka na konzi ya mahindi kutoka kwenye pipa. Yalikuwa yameoshwa, yamekauka vizuri, na ukiyageuza kwenye mwanga bado yalikuwa ya kijani. "Haya yametoka wapi?"

Mama Povu aliwatazama. Walikuwa pale wote, wenye nyungo na wenye makopo. Aliwafahamu kopo kwa kopo. Alingoja mmoja afungue mdomo, mmoja tu.

"Nilipewa," alisema.

"Na nani?"

Wakatazamana. Kisha fundi cherehani, mwenye sauti kuliko mashine yake, akasema, "Sisi tulimpa ya kuku wake. Hatukujua anampa ng'ombe."

"Kuku gani?" Mama Povu aliuliza. Kweli, kuku gani? Waliondoka na mume zamani zile, na hakuwahi kufuga wengine. Mtaa mzima ulijua. Lakini sauti zilikuwa zimeshapata njia.

"Alituuzia sumu!"

"Mimi nina mtoto mchanga, Mungu wangu!"

"Na alikuwa anatudanganya kwa yule mtoto! Kila asubuhi anamnywesha, tena anamfinya, mimi nilimwona!"

Walimwona. Kumbe siku zote walimwona.

Mkaguzi aligeuka haraka. "Mtoto anakunywa haya?"

"Vikombe na vikombe!" walijibu kwa pamoja, kama wanafunzi wanaojua jibu. "Ndiye Shahidi!"

"Apelekwe hospitali akapimwe, leo. Sumu hii huwapiga zaidi wadogo. Inaweza kuharibu ini, inaweza kumzuia mtoto kukua." Aliona uso wa Mama Povu, akaongeza, "Siwezi kusema ndiyo iliyomfanya hivi. Lakini asinywe tena hata tone."

Mama Povu alishika pembe ya meza. Alitaka kusema kwamba aliyaosha. Hilo ndilo lililokuwa kinywani mwake, kwamba aliyaosha mahindi yale kwa maji safi, na kitambaa cha kiwele hakikuwahi kugusa kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, wakidhani ni adui wanayemzungumzia. Kilichomla kilikuwa kinalala kifuani pake, na kilikuwa ni upendo wake mwenyewe.

Ndani, mtoto alikuwa amengoja kuitwa mpaka akachoka. Alisikia kelele, kisha akasikia kimya, na kimya cha watu wengi alikijua: ndicho huja kabla hajanywa. Akatoka. Akawaona wamesimama nusu duara kama kila asubuhi, ila leo ni wengi zaidi. Hakumngoja bibi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akafunua kitambaa cheupe, akachota kikombe cha bati mpaka juu, akapanda kigoda na kuanza kunywa.

Mkaguzi alimrukia na kumpokonya, lakini kikombe kilikuwa kimefika nusu, na maziwa yaliyobaki yalimwagika kwenye gauni la manjano. Mtoto akabaki na mikono mitupu. Aliwatazama watu, hakuna aliyecheka. Akadhani amekosea mahali. Akawaza, akakumbuka. Akalamba mdomo.

"Tamu," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi alikuja mbio akinyoosha mikono, analia, anataka kumkumbatia. Mtoto aliuona ule mkono unakuja, akaziba paja lake upesi kwa viganja viwili, akafumba macho, akapiga kelele kwa nguvu zake zote ili hata wa nyuma wasikie:

"Tamu! Bibi, tamu!"